Ladha ya Sigaa na Lugha ya Mwonjaji

Utangulizi

Kuonja ni kitendo cha mtu mmoja, lakini kukitaja kilichoonjwa ni jambo la watu wengi. Hapo ndipo penye mushkili. Mpishi anayeonja mchuzi na kusema kwamba chumvi imekolea huaminiwa upesi, kwa kuwa waliomzunguka wanaweza kuchovya vidole na kuhakikisha wenyewe. Mwonjaji wa sigaa anaposema kwamba moshi alioutia kinywani una ladha ya kahawa, ya ngozi, ya njugu zilizokaangwa au ya udongo ulionyeshewa mvua, msikilizaji ana haki ya kuuliza: Je, maneno hayo yanataja kitu kilichomo katika moshi, au ni mapambo ya msemaji tu?

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ladha ya sigaa inavyohisiwa na kupimwa, kisha kuchunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kuubeba mzigo huo wa maelezo. Kwa sigaa pana maana ya msokoto wa majani matupu ya tumbaku, usiokuwa na karatasi. Sigara ni ule msokoto mdogo wa tumbaku iliyokatwakatwa na kufungwa katika karatasi. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu sigaa hukusanya pamoja mambo ambayo katika vyakula vingi hujitokeza moja moja: uchungu wa ulimi, wingi wa harufu, mwasho wa koo, na nguvu ya kulevya.

Kueleza namna ya kuonja si kuusifu uvutaji. Moshi wa sigaa huleta saratani ya kinywa, ya zoloto na ya umio hata kwa mtu asiyeuvuta hadi mapafuni, na sigaa moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku ya kadiri ya pakiti nzima ya sigara. Kenya iliuridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, ikatunga sheria yake yenyewe mwaka 2007. Suala linalochunguzwa hapa ni la lugha, nalo lingebaki vile vile kama sigaa zote zingezimwa leo.

Ulimi, pua na mwasho

Neno ladha katika Kiswahili lina upana mkubwa. Ili kuepuka mkanganyo, katika makala haya neno kionjo limetumiwa kwa kile kinachohisiwa na ulimi peke yake, na neno ladha kwa jumla ya yote yanayohisiwa mtu anapoonja.

Vionjo ni vichache. Tangu zamani vilihesabiwa vinne: utamu, uchachu, chumvi na uchungu. Mwaka 1908 mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alikitenga kionjo cha tano, kile kinachopatikana katika mchuzi wa mwani, akakiita umami. Vitabu vingi vya shule vimekuwa na picha ya ulimi uliogawanywa kama ramani, utamu ukiwekwa nchani na uchungu nyuma kabisa. Ramani hiyo si ya kweli. Ilitokana na uchunguzi wa D. P. Hänig wa mwaka 1901, ambaye alipata tofauti ndogo tu za wepesi wa kuhisi kati ya sehemu na sehemu. Waliomfuata wakazikuza tofauti hizo mpaka zikawa mipaka. Kila sehemu ya ulimi yenye vinundu vya kuonjea huhisi vionjo vyote.

Sehemu kubwa ya ladha hutoka puani. Mtu akiziba pua na kutafuna iliki, atahisi uchungu kidogo na mwasho. Akiiachia pua, iliki nzima itamjia kwa ghafla. Harufu hiyo haikupita mbele ya pua, bali ilipanda kwa nyuma, kutoka kooni. Kwa sababu hiyo mwonjaji wa sigaa hutia moshi kinywani bila ya kuumeza, kisha huutoa sehemu kidogo kwa njia ya puani. Anayeutoa wote kwa kinywa huzikosa harufu nyingi alizotarajiwa kuzipima.

Kitu cha tatu si kionjo wala si harufu. Pilipili huwasha, tangawizi huchoma, na bibo hukausha kinywa. Hisia hizo huletwa na neva za mguso na maumivu za usoni na kinywani, zile zile zinazohisi joto na baridi. Nikotini ina sehemu mbili katika jambo hili: ni chungu ulimini, na tena huwasha. Moshi wa sigaa, kwa kuwa jani lake limekaushwa kwa hewa na kuvundikwa kwa muda mrefu, huelekea kuwa na magadi kuliko uchachu. Ndiyo maana nikotini yake hupenya katika ngozi laini ya kinywa na mvutaji hulewa bila ya moshi kufika mapafuni. Moshi wa sigara za kawaida una uchachu zaidi, na mvutaji wake huupeleka ndani kabisa.

Jambo moja zaidi lafaa kukumbukwa. Jani la sigaa linapokauka na kuvundikwa, sukari yake karibu yote hutumika. Hata hivyo waonjaji hutaja utamu mara kwa mara. Utamu huo hautoki katika sukari. Huletwa na harufu zinazofanana na za vitu vitamu, kama asali, kakao na matunda makavu, na akili huuongezea ulimi kile ambacho pua imekileta.

Jani na msokoto

Sigaa ya Kuba huchukuliwa na wengi kuwa kipimo cha sigaa nyingine, na jina la Vuelta Abajo, katika mkoa wa Pinar del Río, hutajwa na wavutaji kama vile wanywaji wanavyotaja mashamba ya mizabibu. Msokoto una sehemu tatu. Ndani kuna moyo, ambao Wakuba huuita tripa; moyo huo hushikwa na jani la kufungia, yaani capote; na juu huvikwa jani laini la nje, capa, ambalo mmea wake hukuzwa chini ya vitambaa ili jua lisilifanye nene.

Majani ya moyo hutofautishwa kwa mahali yalipoota juu ya shina. Ya chini huitwa volado: ni mepesi, nayo huisaidia sigaa kuungua vizuri. Ya katikati, seco, huleta harufu nyingi. Ya juu, ligero, yamepigwa na jua zaidi, ni mazito na yana nguvu; kwa kuwa huungua polepole, msokotaji huyaweka katikati ya moyo. Kwa kuchanganya kadiri tofauti za majani hayo, kiwanda hupata sigaa nyepesi au nzito, na mwonjaji anapotoa hukumu yake, kwa kweli anaupima mchanganyo huo.

Baada ya kukauka, majani hulundikwa. Lundo hupata joto lenyewe kwa ndani, hupinduliwa, hulundikwa tena. Katika kazi hiyo amonia hutoka, uchungu hupungua na harufu mpya huzaliwa. Kiswahili kina neno lililo tayari kwa kitendo hiki, nalo ni kuvundika, litumiwalo kwa ndizi na maembe yaliyofunikwa yaive. Neno hilo li karibu na kuvunda, na ukaribu huo una hekima yake. Kinachovundikwa hukaribishwa kwenye uozo kisha huzuiwa kabla ya kuufikia. Aliyekawia siku chache hana tena tumbaku bali uvundo. Sigaa iliyotoka katika jani lisilovundikwa vya kutosha humjulisha mwonjaji mara moja, kwa ule mchomo wa amonia katika pua.

Namna ya kupima

Kupima huanza kabla ya moto. Mwonjaji hulibonyeza bomba la sigaa kwa vidole atafute penye ugumu au uwazi, hulinusa jani la nje, hulikata kichwa, kisha huvuta hewa baridi ili ajue kama njia ya moshi ni wazi. Sigaa iliyohifadhiwa katika unyevu wa hewa wa 65 hadi 70 kwa mia huungua sawasawa. Iliyokauka huungua kwa kasi na moshi wake huwa moto, na moto huo huficha harufu. Baada ya kuwasha, mvuto mmoja kwa dakika hivi hutosha. Anayevuta kwa pupa hupasha moshi joto, naye akadai kwamba sigaa ni kali, hali ukali ni wa pupa yake.

Mambo yanayopimwa huweza kuwekwa katika mafungu matano: mvuto, yaani wepesi wa moshi kupita, uunguaji, yaani usawa wa moto na uimara wa majivu, nguvu, harufu, na ladha. Mawili ya kwanza yanaweza kuonekana na mtu yeyote aliyesimama karibu. Matatu ya mwisho hayana shahidi ila mwonjaji mwenyewe. Isitoshe, sigaa hubadilika inapopungua: theluthi ya kwanza huwa pole, na kuelekea mwisho nikotini na lami hukusanyika katika kitako na uchungu huzidi. Hukumu iliyotolewa kwa mvuto wa kwanza pekee haina uzito.

Adui mkubwa wa hukumu ni jina. Sigaa huvishwa pete ya karatasi, na katika Kuba majina mengine ya pete yana asili ya vitabuni. Tangu mwaka 1865, katika viwanda vya Havana, wasokotaji walianza kusomewa kwa sauti magazeti na riwaya wakiwa kazini. Jina la Montecristo, lililoanza mwaka 1935, husemwa kuwa lilitokana na riwaya ya Alexandre Dumas waliyoipenda. Mwenye kuiona pete hiyo huwa amekwisha kuonja kabla ya kuonja. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wanafunzi waliueleza kwa maneno yanayotumiwa kwa mvinyo mwekundu. Jicho lilikuwa limeichagulia pua msamiati. Kwa sababu hiyo waonjaji waangalifu huvua pete, huchanganya sigaa, na kila mmoja huandika maoni yake kabla ya kusikia ya mwenziwe.

Maneno ya Kiswahili katika mizani

Mtu akichukua maneno ya ladha ya Kiswahili na kuyatia katika kazi hii, hugundua haraka kwamba baadhi yao yamebeba mizigo miwili.

La kwanza ni tamu. Neno hili ni jina la kionjo, na papo hapo ni hukumu. Mchuzi mtamu hauna sukari, maji matamu ni yale yasiyo ya chumvi, na sauti tamu haionjwi. Mwonjaji akiandika kwamba sigaa ni tamu, msomaji hajui kama imetajwa sifa au imetolewa sifa. Dawa yake ni kuutaja utamu kwa chanzo chake: utamu wa asali, utamu wa sukari guru, utamu wa tende.

La pili ni kali, nalo lina utata zaidi. Kisu, jua, siki, pilipili, mbwa na mwalimu vyote huwa vikali. Tumbaku kali yaweza kuwa yenye nikotini nyingi, au yenye kuchoma koo, au chungu ulimini, au yenye harufu inayojaa nyumba. Kwa mvutaji wa kawaida hayo yote ni mamoja. Kwa mwonjaji ni mambo manne tofauti, na kuyatenganisha ndiyo kazi yake. Sigaa yenye ligero nyingi iliyokaa miaka kadhaa yaweza kumlevya mtu huku moshi wake ukipita kooni kwa ulaini. Sigaa nyingine, dhaifu kwa nikotini lakini mbichi kwa kuvundikwa vibaya, humkereketa mvutaji bila ya kumpa kizunguzungu.

Lakini utata huo haumo katika lugha yote. Umo katika vivumishi. Kiswahili kina vivumishi vichache vya asili, na kazi nyingi ambayo lugha nyingine huitenda kwa vivumishi, Kiswahili huitenda kwa vitenzi. Katika vitenzi tofauti zinazotafutwa zimo tayari: sigaa hulevya, huwasha, huchoma, hukereketa, hukausha, hukolea. Kila kitenzi kinataja kile ambacho moshi humtenda mvutaji, na mahali unapomtenda: kulevya ni kwa kichwa, kukereketa ni kwa koo, kuwasha ni kwa ulimi na midomo. Sentensi kama hii, "Sigaa hii inalevya lakini haikereketi," ina maneno matano tu, na hata hivyo inatenga nguvu na mwasho bila ya istilahi mpya hata moja. Anayetaka kuunda istilahi za uonjaji kwa Kiswahili angefanya vyema kuanza na vitenzi kabla ya kuanza kutafsiri vivumishi vya wageni.

Neno jingine lenye manufaa ni ukakasi, yaani ule ukavu unaoshika ulimi mtu anapokula bibo au ndizi isiyoiva. Lugha hapa imetenga waziwazi hisia ya mguso na kionjo cha uchungu, mambo ambayo wavutaji wengi huyachanganya. Kinyume cha vyote hivyo ni chapwa, neno la kitu kisichokuwa na ladha ya kutajwa.

Upande wa harufu una mtego wake. Nukia kwa umbo ni kauli ya kutendea ya nuka, lakini kwa maana vitenzi hivyo vimeachana: chumba hunuka moshi, chumba hunukia udi. Msemaji hawezi kutumia kitenzi kimoja au kingine bila ya kuwa ametoa hukumu. Sigaa ile ile, kwa anayeivuta hunukia na kwa jirani yake hunuka, na wote wawili wasema kweli. Mwonjaji anayetaka kueleza kwanza na kuhukumu baadaye hana budi kutumia nomino, aseme kuna harufu ya kitu fulani.

Je, harufu zinaweza kutajwa zenyewe, bila ya kutaja vyanzo vyake? Iliwahi kudhaniwa kwamba binadamu hana uwezo huo. Mwaka 2014 Asifa Majid na Niclas Burenhult walionyesha kwamba wasemaji wa Kijahai, katika rasi ya Malay, hutaja harufu kwa wepesi ule ule wanaotajia rangi, kwa maneno yasiyofungamana na kitu kimoja, ilhali wasemaji wa Kiingereza waliopewa harufu zile zile walihangaika. Kiswahili kina maneno machache yanayofuata njia hiyo, kama shombo na vumba, lakini aghalabu ni ya harufu zisizopendeza. Harufu nzuri hutajwa kwa vyanzo: asumini, karafuu, udi, ubani. Kwa hiyo maelezo ya harufu katika Kiswahili hutegemea ghala la vitu ambavyo msemaji na msikilizaji wote wamevinusa.

Mtihani wa mwerezi

Ghala hilo likitofautiana, tafsiri hupotoka. Mfano mzuri ni neno ambalo waonjaji wa sigaa hulitumia kila siku, lile la Kihispania cedro. Mtafsiri mwepesi ataandika mwerezi, na msomaji wa Kiswahili ataikumbuka mierezi ya Lebanoni aliyoisoma katika Biblia, au, kama ni mtu wa nyanda za juu za Kenya, ataukumbuka mutarakwa na harufu ya penseli iliyochongwa. Lakini mti ambao mbao zake hutengenezewa makasha ya sigaa ni Cedrela odorata wa Amerika ya joto. Huo hauna udugu na mwerezi wa Lebanoni wala na mutarakwa. Jamii yake ni moja na mkangazi na mwarobaini. Wahispania waliupa jina la mti wa kwao kwa sababu ya harufu. Basi neno moja limefunika miti mitatu, na anayetafsiri neno bila ya kuitafsiri harufu amempa msomaji mti usiokuwamo katika kasha.

Hitimisho

Swali lililoulizwa mwanzoni sasa laweza kujibiwa kwa sehemu. Maneno ya mwonjaji si mapambo, ila ni lazima yatimize masharti. Yatenge kionjo, harufu, mwasho na nguvu. Yaeleze kabla ya kuhukumu. Yatumie vyanzo ambavyo msikilizaji anavijua. Na yajaribiwe na waonjaji kadhaa wasioliona jina la kitu. Maneno yanayoshindwa mtihani huo ni sifa za biashara tu.

Jambo hili halihusu sigaa peke yake. Mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa Mombasa mwaka 1969 huuza chai baada ya waonjaji kuionja na kuipima, na maneno wanayoyatumia ni ya Kiingereza. Mkulima wa Kericho hupata bei iliyotokana na maneno hayo, wala hakuna aliyemweleza kwa lugha anayoizungumza ni kitu gani katika jani lake kilichosifiwa au kulaumiwa. Anaambiwa tu kwamba chai yake mwezi huu haikufanya vizuri. Lau angeambiwa kwamba imekuwa chapwa, au kwamba ina ukakasi mno, angejua la kufanya shambani kesho asubuhi. Vitenzi na nomino za kumwambia vimo katika Kiswahili, na vimekuwamo siku zote. Kinachosubiriwa ni wanaisimu na waonjaji kuketi meza moja, kila mmoja na kikombe chake.